Njumu nimeziacha, zenyewe hazijaniacha

Jumamosi tulifungwa 52 kwa 5. Kwa asiyeifahamu raga, trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, ni pointi 5 na mkwaju unaopigwa baada yake ni pointi 2, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: trai nane, mikwaju sita. Sisi trai moja, na mkwaju wake ulikwenda pembeni kabisa ukamwaga karanga za mama wa watu. Tulitoka Dodoma saa kumi alfajiri kwa kosta ya kukodi, tukapita Kondoa, tukapita Babati, tukashuka Arusha miguu imekufa ganzi. Lakini kosta siisingizii. Vijana wangu wangepigwa vilevile hata wangeletwa na ndege.

Usiku wa Jumapili nimelaza goti juu ya mto, ukaingia ujumbe kutoka kwa msomaji wa Iringa. Ana miaka 29, goti limegoma, na anauliza: “Kaka, nataka kuwa kocha kama wewe, nianzie wapi?”

Kama mimi! Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka.

Nilivaa jezi namba 2 kwa miaka 11. Namba 2 ndiye anayekaa katikati ya mstari wa mbele wa skramu, pale wanane wa kila timu wanapofungamana na kusukumana, mikono mabegani mwa wenzake wawili, wengine watano wanasukuma nyuma yake, na mbele yake shingo ya mtu asiyemtakia mema. Raga niliijulia Arusha, ambako mchezo huu umeshika mizizi kuliko mahali pengine popote nchini, nilipokwenda chuo. Nilikuwa mzuri. Silisemi kwa majigambo, waliocheza nami wanajua. Skramu yetu ikisukumwa nyuma, ujue siku hiyo sipo uwanjani.

Kisha ikaja siku ya karatasi. Timu yenyewe siitaji, na kocha yule namwachia Mungu. Mazoezi ya Alhamisi yaliisha, tukaenda kubadili nguo, tukakuta orodha imebandikwa mlangoni. Majina 22. Nikasoma juu mpaka chini, nikasoma chini mpaka juu. Kocha alikuwa hatua kumi kutoka pale, anafunga koni kwenye gunia, na hakuinua uso. Hakusema umri, hakusema goti, hakusema lolote. Nimeshasahau maumivu ya kano iliyochanika mwaka uliofuata. Ule mlango bado nauona, hata misumari yake.

Nikarudi Dodoma kwa ajili ya kazi, nikapata uzito, nikaoa. Hapo katikati hapana la kusimulia.

Kufundisha kulianza kwa bahati tu. Kijana wa jirani aliona mpira kwenye kabati, akauliza kwa nini umebinywa. Tukaanza wanane. Sasa ni thelathini na kitu, wengine wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wengine bodaboda, wawili mafundi wa kuchomelea. Magunia ya kukabia tumejaza pumba za mpunga kutoka Bahi. Na wanaoijua ardhi yetu wanaelewa: ikifika Septemba uwanja unakuwa kama sakafu. Ukimwangusha mtu pale, unamchuna. Kwa hiyo mazoezi ya kukaba tunayafanyia korongoni, kwenye mchanga, kwanza wote wamepiga magoti, halafu wamechuchumaa, mwisho wamesimama. Kichwa kinakwenda nyuma ya makalio ya unayemkaba, kamwe kisiwe mbele yake. Mzee mmoja alipita na mbuzi wake, akatusalimia kwa Kigogo, “Mbukwenyi”, akasimama kututazama, kisha akauliza nani ameibiwa.

Kwa hiyo wewe wa Iringa, hilo ndilo la kwanza: usalama. World Rugby wana mafunzo ya bure mtandaoni, yanaitwa Rugby Ready, yafanye kabla hujanunua filimbi. Na mchezaji akigongwa kichwa ukamwona anayumba, anatoka na siku hiyo harudi, hata akilia, hata mama yake akiwa jukwaani anataka kumwona mwanawe.

La pili ndilo limenifanya niandike.

Miaka 11 nilicheza nimeinamisha kichwa. Siku ya kwanza nimesimama kando ya mstari kama kocha ndipo nilipogundua kwamba mechi nzima sikuwahi kuiona. Niliwajua wale wanane wa mbele. Nyuma yangu walikuwa watu saba wanaopitisha mpira na kukimbia, na mimi kazi yangu ilikuwa kuwasikia wakishangiliwa. Basi nikafundisha ninachokijua. Jumanne skramu, Alhamisi skramu, na mvua ikinyesha nafurahi kwa sababu matope yanafaa skramu. Vijana wangu wa mbele wako imara mno. Jumamosi hatukusukumwa nyuma hata mara moja, andika hilo. Trai tano kati ya zile nane zilipita pembeni, kwenye mawinga, huku sisi bado tunainuka kutoka chini tukijipongeza.

Na winga nilikuwa naye.

Kijana wa Chang'ombe ya hapa Dodoma, mwendesha boda, mwembamba kama fito. Mbio zake ukiziona unaweza kudhani ana deni. Ila kukaba hakupendi, anashika jezi badala ya kiuno, na mimi kila nikimtazama namwona kwa macho ya namba 2. Nikamwita “mlaini” mbele ya wenzake, si mara moja. Ijumaa usiku nikatuma kikosi kwenye grupu la WhatsApp. Jina lake sikuliweka. Nikaweka simu kwenye chaji, nikalala.

Ndiyo. Mimi niliyekwambia habari za mlango.

Kwenye kosta, tumeshapita Kondoa, ndipo nikaona amejitoa kwenye grupu. Nikajiambia ana utoto. Nadhani yule kocha wangu naye alijiambia hivyohivyo.

Tazama Rassie Erasmus. Alicheza mbele, alikuwa flanka wa Afrika Kusini, mtu wa kugongana. Alipokuwa kocha, kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 2019 kule Yokohama, pembeni aliweka Makazole Mapimpi upande mmoja na Cheslin Kolbe upande mwingine, na Kolbe hafiki hata sentimita 175. Wakaifunga Uingereza 32 kwa 12, trai zote mbili zikafungwa na hao mawinga. Ile ya Mapimpi ilikuwa trai ya kwanza ya Afrika Kusini katika fainali ya Kombe la Dunia, ingawa kombe lenyewe walishalichukua 1995 na 2007. Na hapa jirani, marehemu Benjamin Ayimba alikuwa nahodha wa Kenya kabla ya kuwa kocha wake, na Aprili 2016 vijana wake wakaipiga Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali ya Singapore ya raga ya wachezaji saba. Fiji ileile iliyochukua dhahabu ya Olimpiki miezi minne baadaye. Hawa hawakufundisha jezi walizovaa wao.

Sasa nikuambie wewe unayetaka filimbi, na najua mko wengi mnaosoma hapa: mchezaji unayemwacha, mwambie usoni. Usibandike, usitume, usimpe nahodha akufikishie. Mwite pembeni, mwambie kwa nini, mwambie akifanya nini atarudi, halafu nyamaza umsikilize. Kama huwezi kumtazama mtu machoni ukamwambia hachezi, baki mshabiki, uwanja una nafasi. Makocha wetu wengi wanaona kuogopwa ndiyo heshima. Nami nimo, nimeshasema.

Jumatatu nilimpigia mara tatu, hakupokea. Jioni nikatoka kazini, nikaenda kijiweni kwao, nikamkuta amekaa juu ya pikipiki. Alinipa shikamoo, kwa sababu amelelewa. Nikasema nipeleke Area D. Njia nzima nilizungumza nyuma ya kofia yake, nikamwambia habari ya mlango, nikamwambia nilikosea, nikamwambia kukaba nitamfundisha mimi mwenyewe, korongoni, wawili tu. Sijui kwa ule upepo alisikia nusu au yote. Tulipofika akazima injini.

“Buku mbili, kocha.”

Nikampa noti ya elfu tano. Chenji hakurudisha, nami sikuidai. Alhamisi tunaanza saa kumi na moja jioni.