Jibu: tunajuaje eksirei zinatoka kwenye kibete cheupe na si kwenye gesi ya pembeni?

Mkuu, umeuliza inakuwaje watu wanajua eksirei za nyota pacha zinatokea wapi, wakati hata darubini kubwa inaona nukta moja tu. Kinachotusaidia ni saa, macho hayafui dafu hapo.

Nikisoma shahada ya pili nilihangaika na nyota pacha iitwayo OY Carinae. Iko kundinyota la Mkuku, lilelile lenye Suheli ya mabaharia wetu, ila kwa macho huioni, usijisumbue. Kibete cheupe, yaani kiini cha nyota iliyokufa, kinamnyonya gesi mwenzake, nyota ndogo nyekundu. Wanazungukana kila dakika 91, na sisi tunawatazama kwa ubavu, kwa hiyo kila mzunguko ile nyekundu inapita mbele na kukifunika kibete dakika nne na ushee.

Data yangu ilikuwa ya XMM-Newton, darubini ya eksirei iliyo angani, Juni 2000. Ipo bure kwenye hifadhi ya ESA, shirika la anga la Ulaya. Usitegemee picha nzuri. Unapewa jedwali refu la fotoni (chembe za nuru), kila moja na muda iliofika na nishati yake. Nikazihesabu kwa vipande vya sekunde kumi, nikailaza mizunguko yote juu ya mmoja. Grafu inachezacheza, mara inadondoka karibu na sifuri, kama TANESCO wamekata. Kudondoka kwenyewe hakufiki dakika. Hapo ndipo jibu lako lilipo: kibete kina ukubwa kama wa Dunia, kinafunikwa upesi. Gesi inayonyonywa inakizunguka kama sahani, na sahani hiyo ni pana zaidi ya mara kumi. Eksirei zingetoka humo zingefifia polepole.

Aibu yangu sasa. Kupatwa kwangu kulikuwa kunawahi zaidi ya dakika moja kuliko hesabu za waliotangulia. Wiki mbili nilijiona mgunduzi! Kumbe sikusahihisha muda: mwezi ule Dunia ilikuwa upande wa karibu na nyota, nuru ikatufikia mapema. Amri moja tu ya programu ya kusahihisha muda, barycen, na ugunduzi ukayeyuka.

Ila usikariri. Mei 1985 nyota hiyohiyo ikiwa kwenye mlipuko mkubwa, yaani imeng'aa ghafla, setilaiti ya eksirei EXOSAT iliitazama na eksirei hazikupatwa kabisa. Sahani ilikuwa imevimba ikakificha kibete, na eksirei zilizobaki zilitoka eneo pana ambalo nyota nyekundu haiwezi kulifunika. Kwa hiyo kabla ya kupakua chochote, angalia kwanza siku ya vipimo nyota ilikuwa imetulia au imelipuka.