Kiwanja chini ya mlima Masasi: chimba kabla hujamwita fundi

Kama umepata kiwanja chini ya mlima Mtandi au Mkomaindo hapa Masasi, usimwage mawe ya msingi kabla hujajua kilicho chini. Nimejenga huku na nimesimamia nyumba za ndugu zangu. Kinachotusumbua zaidi ni kwamba mwamba wa huku umeoza, tena haukuoza sawasawa.

Mawe haya yaliumbika kilometa nyingi chini ya ardhi. Kilichoyafunika kilipomomonyoka kwa mamilioni ya miaka, mzigo ulipungua, yakatanuka na kupasuka. Maji ya mvua, ambayo yana asidi kidogo kutokana na kaboni dayoksaidi, yakapenya kwenye nyufa. Madini ya felspa yakageuka mfinyanzi, chuma kikashika kutu na kuupa udongo wekundu, kwatzi, madini magumu yasiyooza kirahisi, ikabaki mchanga. Penye nyufa nyingi pakawa tambarare. Penye nyufa chache ndipo mlima uliposimama.

Sasa sikiliza, hapa ndipo pesa inapopotea. Kona ya jiwe huliwa na maji kutoka pande tatu, ubapa upande mmoja tu. Kona huisha mapema, na katikati hubaki jiwe la mviringo, gumu kabisa, limezungukwa na udongo laini. Mtaimbo ukiligonga, fundi atakwambia, "Bosi, tumefika mwamba." Mwombe achimbe pembeni yake. Mtaimbo ukizama, hilo ni jiwe tu limekaa kwenye udongo. Kona moja ya nyumba ikikaa juu yake na nyingine juu ya mfinyanzi, masika mawili matatu yanatosha kuushusha upande mmoja, na ufa utaanzia dirishani.

Kagua pia kifusi. Utakuta kipande chenye mistari yake yote myeupe na myeusi, ukidhani ni jiwe zima. Kibane vidoleni, kinavunjika kama biskuti. Hapo endelea kushuka.

Halafu inua macho. Mwamba wa huku hubanduka magamba makubwa. Ukiona juu yako alama ya rangi mbichi, isiyo na ule weusi wa miaka, ujue gamba limetoka karibuni, sogeza nyumba. Na ukiona watu wanaochoma mawe kupata kokoto kwenye mteremko ulio juu yako, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa mapema, maana moto hupasua hata jiwe zima.

Mtaro wa upande wa mlimani uchimbwe kabla ya msingi, usisubiri kuezeka. Mwamba mtupu haunywi maji, na yote yanayouangukia yanashuka kwako.