Leseni ya ndoa Texas: kwa karani wa kaunti

Dada, umeuliza kama ukiwa Houston lazima uende Austin, makao makuu ya jimbo, kuchukua leseni ya ndoa na nakala za cheti. Hapana, yote yapo kwa karani wa kaunti, na kwa Houston ni Harris County. Ila si lazima iwe kaunti unayoishi. Texas leseni ya kaunti yoyote inakubalika jimbo zima.

Nendeni wote wawili na vitambulisho (pasipoti inafaa, uraia hauulizwi). Leseni mtapewa siku hiyohiyo, lakini msifunge ndoa kabla ya saa 72 kupita, na ndani ya siku 90 iwe imetumika. Kwa hiyo usiifuate Ijumaa wakati wageni wanakuja Jumamosi!

Panaposumbua ni baada ya harusi. Mchungaji au shehe akishaijaza na kutia sahihi, karatasi irudishwe kwa karani ndani ya siku 30. Ya kwetu ilikaa wiki tatu ndani ya Biblia ya mchungaji, mimi nahangaika kuomba nakala, naambiwa ndoa haipo kwenye kumbukumbu. Mfuatilieni, au mkairudishe wenyewe.

Nakala zenye muhuri omba kwa karani yuleyule aliyetoa leseni, kwa sababu ofisi ya jimbo hutoa barua ya uthibitisho tu, si nakala. Chukua tatu kabisa: uhamiaji, kubadili jina, na ya kutuma nyumbani.