Maswali ya Wasomaji: Mepo ya Bonsai Ipogolewe Lini?

Swali kutoka Uyole, Mbeya

Shikamoo mtaalamu. Nina mepo ya Kijapani, mti unaopukutisha majani, niliyoiotesha kwa mbegu. Sasa ina umri wa miaka sita, unene wa shina lake ni wa kidole gumba, na imo ndani ya chungu kifupi cha bonsai, yaani mti unaotunzwa chunguni ubaki mdogo. Kitabu changu kinaelekeza kwamba matawi manene yakatwe mwishoni mwa Februari, kabla majani hayajachomoza. Kwa kuwa Japani iko kaskazini ya ikweta, nilisogeza mbele miezi sita na kukata matawi mawili mwishoni mwa Agosti. Tangu hapo utomvu unachuruzika bila kukoma. Je, mti utakufa? Na umbo lake nilianzeje?

Jibu

Marahaba. Mti hautakufa kwa sababu hiyo pekee. Utomvu utakoma majani yakishafunguka, kwa sababu maji yanayosukumwa na mizizi yatapata njia ya kutokea. Usiuzibe kwa nguvu mahali panapovuja na usikate tena juu yake. Hasara inayoweza kutokea ni kwamba kidonda kitachelewa kufunika, na pengine sehemu ndogo ya tawi iliyo karibu na mkato itakauka.

Hesabu yako ya miezi sita ni sahihi, ila haitoshi. Mjini Tokyo siku ndefu ya Juni inazidi siku fupi ya Desemba kwa karibu saa tano za mwanga, na mepo ya kule hulala na kuamka kwa kufuata tofauti hiyo pamoja na baridi kali. Mbeya tofauti hiyo ni ya takribani saa moja tu. Mti wako kwa hiyo hutegemea zaidi baridi ya kipupwe, joto linaporejea, na maji unayoupa, ndiyo maana miti miwili katika ua mmoja inaweza kupishana kuamka kwa majuma kadhaa. Macho, yaani vichomozo ambamo majani na matawi hutokea, yakianza kuvimba na kung'aa, mizizi imekwisha kuanza kusukuma juu maji na sukari iliyowekwa akiba, na mkato wowote mnene utavuja, kalenda iseme isemavyo.

Ziko nyakati mbili zinazofaa kukata tawi nene. Ya kwanza ni mti ukiwa umelala, baada ya majani kupukutika na muda mrefu kabla macho hayajavimba, ambayo kwako ni kama Juni hadi mapema Julai. Ya pili, ambayo mimi naipendelea, ni pale majani mapya yanapokuwa yamekomaa na kuwa magumu kidogo, kwa sababu wakati huo mti una nguvu ya kufunika kidonda kwa haraka. Tatizo la huku kwetu ni kwamba wakati huo unaweza kuangukia mwanzo wa mvua, na kidonda kibichi kikilowa kila siku hukaribisha ukungu. Chagua siku kavu, tumia mkasi mkali uliopanguswa kwa spiriti, kisha funika mkato. Dawa maalumu ya vidonda vya miti ikikosekana, nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kulainishwa kwa mafuta kidogo ya kula inafaa, mradi ipakwe ikiwa imepoa. Katika vijitawi vyembamba, acha kisiki kifupi juu ya kifundo (mahali macho yanapotokea), kwa kuwa mepo hukauka kurudi nyuma kutoka kwenye mkato. Kisiki hicho utakiondoa baadaye kikishakauka.

Kuhusu umbo, nitasema wazi jambo ambalo huenda usilipende: mti huu umeingia kwenye chungu kifupi mapema mno. Shina la mepo likishabanwa chunguni hunenepa kwa mwendo wa taratibu sana. Ningekuwa wewe, ningeuhamishia ardhini au kwenye kasha pana la mbao kwa misimu miwili au mitatu, nikauacha urefuke, halafu nikalikata shina juu ya tawi la chini lililo imara ili tawi hilo ndilo liwe kilele kipya. Kazi hiyo ikirudiwa, shina huwa nene chini na jembamba juu, na hilo ndilo linalofanya mti mdogo uonekane mkongwe. Uhamisho wenyewe ufanye macho yanapovimba, kabla hayajafunguka. Huo ndio wakati mwafaka wa kupunguza mizizi, nayo mizizi ikipunguzwa msukumo wa utomvu hupungua pia.

Kumbuka vilevile kwamba macho ya mepo hukaa mawili mawili, yakitazamana. Ukiyaacha yote yawe matawi, kila kifundo kitakuwa na matawi pande zote mbili, na baada ya miaka michache mahali hapo patavimba uvimbe usioondoka. Chagua moja kwa kila kifundo, la kushoto hapa, la kulia pale, na mengine yaondoe yangali machanga ili usiache makovu. Mepo hupeleka nguvu nyingi kileleni, basi kata juu kwa ukali zaidi na uyaache matawi ya chini yarefuke kwanza mpaka yapate unene unaoutaka.

Swali kutoka Njombe

Majani ya mepo yangu ni makubwa na pingili ni ndefu mno. Rafiki yangu ananishauri niyavue majani yote ili yatoke madogo. Je, ni salama?

Jibu

Ushauri huo ni wa kweli kwa mti wenye afya, uliokwisha kupata umbo. Kwa mti mchanga, mgonjwa, au uliobadilishiwa chungu mwaka huohuo, ni hatari. Ukiamua kuvua, subiri majani ya kwanza yakomae, kata jani na uache kikonyo chake, kwa kuwa kikonyo hulilinda jicho lililo chini yake hadi kitakapodondoka chenyewe. Usifanye hivyo zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mimi huona kuvua nusu ya majani, hasa yale ya nje na ya juu, kunatosha, kwa sababu mwanga huingia ndani na vijitawi dhaifu hupata nafuu.

Hata hivyo, kuvua majani hakufupishi pingili. Pingili hurefuka katika majuma machache ya kwanza ya kuchipua, na dawa yake ni kuchuna: jozi ya kwanza ya majani inapofunguka, bana kwa kibanio ile ncha laini iliyo katikati na uiondoe kabla haijarefuka. Kazi hii hufanywa kila siku kwa muda wote wa kuchipua, maana machipukizi hayafunguki pamoja. Aidha, usiupe mti mbolea ya naitrojeni mpaka majani yakomae. Kwa kuwa Njombe hupata sakitu, usiku wa baridi kali uweke mti wenye majani machanga chini ya baraza. Usiuingize sebuleni, kwani mepo huhitaji baridi ya kawaida ili ulale vizuri.

Swali kutoka Iringa

Kila Septemba na Oktoba ncha za majani hukauka na kuwa kahawia. Niyapogoe?

Jibu

Hapana. Hilo ni jua la mchana na upepo mkavu. Sogeza mti mahali penye jua la asubuhi tu, mwagilia kabla udongo wa chunguni haujakauka, na uyaache majani yaliyoungua nusu, kwani sehemu yake ya kijani bado inaulisha mti.

Swali kutoka Tukuyu

Nilifunga waya wa shaba kwenye matawi ili yalale. Sasa waya umezama kwenye gome. Nifanyeje, na je, naweza kutumia mawe mepesi ya huku badala ya udongo wa Kijapani?

Jibu

Mawe mepesi ya volkano yanayopatikana kuzunguka Mlima Rungwe yanafaa sana. Yachekeche upate punje za milimita 3 hadi 6, osha vumbi lote, kisha changanya na mboji kidogo. Tukuyu hunyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo chungu kisichopitisha maji kwa haraka kitaozesha mizizi.

Gome la mepo ni jembamba, na katika mvua zenu tawi hunenepa kwa kasi, kwa hiyo waya ukaguliwe kila juma. Safari ijayo tumia waya laini wa alumini, wenye unene wa karibu theluthi moja ya tawi, au livute tawi chini kwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye ukingo wa chungu, ukiweka kipande cha mpira mahali kamba inapogusa gome. Waya uliozama usiufungue kwa kuuzungusha, kwani utachana gome na huenda ukavunja tawi. Ukate kwa koleo kipande kimoja baada ya kingine katika kila mzunguko, na kipande kilichokwisha kufunikwa kabisa na gome kiache humohumo.