Berlin, Hamburg na bahari mwezi Julai: tiketi gani?

Ndugu, kwa siku kumi za Berlin, Hamburg na pwani, nunua Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima: euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026. Unapanda mabasi, tramu na treni zote za mikoa (RE, RB, S-Bahn) nchi nzima. ICE na IC, treni za kasi za masafa marefu, hazimo.

Wengi huumia hapa: hujisajili upya yenyewe kila mwezi. Usipoifuta kufikia tarehe 10, mwezi unaofuata unakatwa tena. Tena ni mwezi wa kalenda, kwa hiyo safari ya Julai 25 hadi Agosti 4 inakula miezi miwili. Sogeza tarehe.

Berlin hadi Hamburg kwa treni za mikoa ni kujitesa bure. Kipande hicho kata ICE mapema, na kiti kilipie kando. Julai treni hujaa, wasio na kiti husimama.

Hamburg achana na boti za watalii. Feri namba 62 kutoka gati la Landungsbrücken hadi Finkenwerder imo kwenye tiketi yako.

Baharini nenda Travemünde kupitia Lübeck, ushuke kituo cha Strand. Ufukweni kuna upepo: kodi Strandkorb, kile kiti cha kikapu chenye paa, ukigeuze kiupe upepo mgongo. Ushuru wa wageni, Kurtaxe, upo pia.

Ukichagua Cuxhaven, kwenye Bahari ya Kaskazini, angalia kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa. Baltiki, bahari ya Travemünde, haina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Cuxhaven maji yakipwa hubaki tope tupu, huogelei.