Kabla hujamkatia mgonjwa tiketi ya kuja Dar

Sisi Wangazija wa Dar es Salaam tuna ndugu ng'ambo ya bahari, visiwani Komoro, na wakipatwa na ugonjwa mzito huangalia kwetu kwanza. Ndege kutoka Moroni, mji mkuu wa kule, ni mwendo wa saa moja na ushei. Muhimbili ipo, Ocean Road ipo kwa wagonjwa wa saratani, na tangu 2015 ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Tangu nimlete mama yangu mkubwa kutibiwa moyo, watu wengi wananipigia simu wakiuliza njia. Karibu wote huanza na swali la tiketi. Mimi huwaomba tiketi waiache kidogo.

Swali la kwanza ni hili: ni kitu gani kitafanyika Dar ambacho hakiwezi kufanyika aliko mgonjwa? Mwombe daktari wake wa kule ajibu kwa maandishi. Mama mkubwa alikuwa akianguka na kupoteza fahamu, miguu imevimba, halali mpaka aegemezwe mito. Vipimo vilionyesha umeme wa moyo haupiti vizuri kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini, kwa hiyo mapigo yalikuwa machache mno. Tiba yake inajulikana, ni kuwekewa betri ya moyo (pacemaker), kifaa kidogo kinachousukuma moyo upige inavyotakiwa. Hapo safari ilikuwa na sababu.

Zipo safari zisizo na sababu, na lazima mtu aseme, ingawa inauma. Mzee ambaye saratani imeshasambaa hadi kwenye ini na mifupa mara nyingi hahitaji kupandishwa ndege na kukalishwa kwenye mabenchi ya hospitali. Anahitaji dawa ya kutuliza maumivu, mofini ikibidi, na watu wake wawe karibu naye. Naye mgonjwa ambaye figo zimeshindwa kabisa, kwa kawaida atasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne, maisha yake yote kama hapati figo nyingine. Huyo haji kutibiwa na kurudi, anahamia. Familia ijue hivyo kabla hajaondoka nyumbani kwake.

Tena muulizeni mgonjwa mwenyewe. Kwetu mambo haya huamuliwa na wajomba, na watoto walioko Marseille, Ufaransa, hutuma pesa na maoni, huku mwenye mwili amekaa pembeni anaambiwa tu siku ya kusafiri. Mjomba wetu mkubwa alikwenda kwa dada yake, yaani huyo mama mkubwa, wakakaa wawili, akamweleza ugonjwa, tiba na hatari zake. Akamuuliza na lile tunalolikwepa sote: mauti yakikukuta huko? Akajibu, "Yakinikuta huko nizikeni huko huko, mradi ni kwa Waislamu." Mnaweza kuona ni maneno mazito kumwambia mgonjwa. Lakini kusafirisha maiti kwenda nchi nyingine kuna gharama kubwa na nyaraka nyingi, na dini inatuhimiza kuharakisha maziko. Ukishapata jibu la mwenyewe, ndugu hawatakuja kugombana mlangoni kwa chumba cha maiti.

Kuna waliotaja Mayotte, kisiwa cha jirani kilicho chini ya Ufaransa, na mmoja akasema kwa kwassa-kwassa, mitumbwi ya kuvukia kwa siri, ni rahisi. Tangu Ufaransa iweke masharti ya viza mwaka 1995 kwa wanaotoka visiwa vingine vya Komoro, watu wengi wamezama katika bahari ile, wakiwemo wagonjwa waliokuwa wakitafuta matibabu. Nakuombeni kwa dhati, msimweke mzee wenu kwenye mtumbwi ule.

Sasa nyaraka. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo maisha ya mgonjwa yanapoweza kuponyoka bila mtu kuona. Ripoti za Moroni huandikwa Kifaransa. Usimpe kijana yeyote aliyesoma Kifaransa shuleni azitafsiri, tafuta mtu aliyesomea afya. Tazama dawa: mama mkubwa alikuwa na boksi la Kardegic na la Lasilix. Kardegic ni aspirini. Lasilix ni furosemidi, ile ambayo hapa wengi wanaijua kwa jina la Lasix. Daktari wa hapa asipolijua jina la boksi anaweza kuandika dawa ile ile kwa jina jingine, na bibi akameza dozi mara mbili. Andika karatasi moja: jina halisi la dawa, kidonge ni cha miligramu ngapi, saa anazokunywa. Yale maboksi njoo nayo vile vile.

Tazama na vipimo vya damu. Maabara zinazofuata mtindo wa Kifaransa huandika sukari kwa gramu kwa lita, hapa tunasoma milimoli kwa lita. Sukari ya 1,26 kule ni ile ile 7.0 ya hapa. Kreatinini, kipimo cha figo, wao huweza kuiandika kwa miligramu kwa lita: 12 yao ni 1.2 kwa mtu anayesoma miligramu kwa desilita. Anayesoma namba bila kipimo chake atadhani figo zimekufa. Kwa hiyo usitume namba kwenye ujumbe wa simu, piga picha ya karatasi nzima. Na kama alipigwa picha ya CT au eko ya moyo, omba picha zenyewe kwenye CD, usiridhike na maelezo peke yake.

Tuma vyote hivyo hospitali kabla ya kukata tiketi. Upate jina la daktari atakayempokea, tarehe, na makadirio ya gharama yenye muhuri. Uliza waziwazi kama bei ya mgeni ni tofauti na ya raia, na amana inayotakiwa siku ya kulazwa ni kiasi gani. Ukishayapata hayo ndipo kikao cha pesa kiitishwe. Faranga ya Komoro imefungwa na euro, euro moja ni kama faranga 492, lakini shilingi yetu hupanda na kushuka, kwa hiyo bajeti iwe na nafasi. Mtu mmoja ashike pesa na kuandika kila risiti, na picha za risiti aziweke kwenye kundi la familia siku ile ile. Kwetu kuna aliyetaka lile shamba la manyahuli liuzwe haraka. Shamba lile linapita kwa wanawake wa ukoo, kizazi hadi kizazi. Nilikataa lisiguswe kabla hatujaona makadirio, na tulipoyaona halikuhitajika.

Jambo jingine, watu watakushauri umtibu kwa kadi ya bima ya ndugu aliye raia. Usikubali. Ni kosa la jinai, na ni hatari kwa watu wawili: kundi la damu, mzio na maradhi ya mama yako mkubwa vitaingia kwenye faili la mwenzake, na siku huyo naye akiletwa hajitambui watamtibu kwa historia isiyo yake.

Kuhusu ndege, usifiche ugonjwa. Hewa ya ndani ya ndege ikiwa angani ni kama ya mlimani, sawa na mahali pa mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, na oksijeni mwilini hushuka. Mtu mzima mwenye afya hasikii chochote, lakini mwenye maji kwenye mapafu anaweza kuzidiwa. Mashirika ya ndege yana fomu iitwayo MEDIF, ambayo daktari huijaza, nayo ipelekwe siku kadhaa kabla. Mtungi wako wa oksijeni kwa kawaida hawataupokea, hivyo mpange nao mapema. Ukiomba kiti cha magurudumu, eleza kama mgonjwa anaweza kupanda ngazi na kama anaweza kutembea hadi kwenye kiti chake, maana huduma hizo ni tofauti. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi. Pasipoti iwe imebakiza zaidi ya miezi sita, na akishagongewa muhuri soma tarehe ya mwisho ya kukaa nchini, kwa sababu matibabu hupenda kurefuka.

Nyumbani tulimhamishia chumba cha chini, karibu na choo cha kukaa. Mtu anayezimia asipandishwe ghorofa za Kariakoo.

Betri aliwekewa salama, alhamdulillahi. Kwa wiki kadhaa alikatazwa kuinua mkono wa upande wa betri juu ya bega, na akamuuliza daktari kuhusu takbiri. Daktari akamwambia aswali amekaa, mkono ule auinue kidogo tu. Leso tulimvisha sisi. Simu ya mkononi ikae mbali na kifua angalau sentimita 15, na kadi ya betri aibebe popote aendapo, ataionyesha kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege.

Safari ya kurudi ipangeni tangu mgonjwa yuko wodini. Kabla daktari hajaandika dawa ya kudumu, mwambie anakorudi mgonjwa na muulize kama inahitaji vipimo vya mara kwa mara. Warfarini, kwa mfano, inataka damu ipimwe kila baada ya muda, na asiye na mahali pa kupimwa anaweza kuvuja damu, au damu ikamganda. Mama mkubwa alitoka na barua yenye aina ya betri, dawa kwa majina halisi na tarehe ya kuikagua betri. Tuliitafsiri kwa Kifaransa, tukamtumia daktari wake wa Moroni kabla hajapanda ndege, na tulisubiri mpaka alipojibu kwamba ameisoma na atampokea.