Bastola kiunoni Texas, na siku niliyoacha toroli nikatoka mikono mitupu

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nimeingia Texas kwa viza ya masomo. Wenzangu wananiambia huku bastola ni kama mkanda, mtu anavaa tu. Ninunue?"

Usinunue, mdogo wangu. Hata ukipewa uishike, kataa. Sheria ya Marekani nzima inamkataza mwenye viza ya muda kuwa na silaha au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kama kibali halali cha uwindaji. Adhabu inafika miaka 15 jela, na hapo hatujagusa habari ya kurudishwa nyumbani. Hao wenzako ni raia.

Mimi nina ukaazi wa kudumu, kwa hiyo hilo halikunihusu. Yangu yalikuwa mengine: kiburi. Tangu 2016 Texas inaruhusu wenye leseni kubeba bastola waziwazi, mradi iwe ndani ya ala yake. Septemba 2021 hata sharti la leseni likaondolewa kwa mwenye miaka 21 na zaidi asiye na zuio la kisheria. Nilikuwa na leseni, nilikuwa nimelenga shabaha vizuri kwenye mtihani, basi nikajiona sheria yenyewe inatembea.

Jumamosi moja nikaingia supamaketi, shati nimelichomekea makusudi ili ionekane. Mama mmoja akamvuta mwanawe, wakageuza njia. Nilidhani ni heshima! Meneja akaja, akaniomba kwa upole niirudishe garini. Nami nikamfungulia darasa la Katiba na haki ya kubeba silaha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole mlangoni: bango kubwa, Kiingereza na Kihispania, namba 30.07, la kukataza bastola ya wazi. Nililipita nikiwa najitazama kwenye kioo.

Mwenye duka ana haki ya kukukataza. Kulipita bango ni faini isiyozidi dola 200, lakini ukiambiwa kwa mdomo utoke ukagoma, kosa linapanda hadi kifungo cha mwaka mmoja. Nikaliacha toroli limejaa, nikatoka watu wananitazama. Bado inaniuma, sitadanganya. Wiki ileile nilimwona mzungu mle ndani na yake kiunoni, wala hakuna aliyemfuata. Labda hawakumwona. Labda.

Kwa hiyo ndugu zangu, someni milango. 30.07 inamkataza mwenye leseni kubeba bastola waziwazi, 30.06 inamkataza kuibeba imefichwa. Ukiona 51 nyekundu, hapo pombe ndiyo inaleta zaidi ya nusu ya mapato. Usiingie nayo kabisa. Leseni chukueni hata kama Texas haiidai, kwa sababu sheria ya shirikisho inakataza bastola ndani ya futi 1,000 za shule, na leseni ya jimbo ni mojawapo ya vinavyokuokoa ukipita barabarani. Mkono usicheze na mpini unapoongea na mtu. Polisi akikusimamisha, mikono juu ya usukani, umwambie mapema ilipo. Na someni milango, narudia.

Siku hizi yangu inakaa chini ya shati. Mke wangu hajanisamehe lile toroli. Tukifika dukani husimama mlangoni ananisomea bango kwa sauti, kwa Kihispania.